Daftari Lisilofutika: Namna ya Kuwaonyesha Wageni Njia

Maneno ya somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Wasemaji ni Mwalimu, na Mama mmoja mwanafunzi wa kisomo.

MWALIMU: Walio mbali na redio na wasogee karibu. Mwenye daftari na afungue ukurasa mpya. Kiongozi wa darasa, tafadhali chukua chaki uandike ubaoni maneno sita tutakayoyatumia leo: daftari, ukurasa, shahidi, ufunguo, nguvu, mgeni. Maneno haya yote mnayajua. Leo tutayatumia kwa jambo jipya kidogo, lakini maana yake haitakuwa mbali na ile mliyoizoea.

Somo letu lahusu kuandika. Si kuandika barua ya posta, wala kuandika maombi ya kazi. Leo twasema habari za mtu anayeandika mambo yake mahali palipo wazi kwa watu wote, kwa njia ya simu au kompyuta. Aeleza ameanzaje na amefika wapi, ili mgeni anayekuja nyuma yake apate kuiona njia. Na mahali penyewe ni pa namna ya pekee: lililoandikwa pale halifutiki, na wasomaji waweza kumpatia mwandishi ujira.

Pamoja nami yuko Mama mmoja, mwanafunzi wa kisomo kama ninyi. Amekuja na swali, na swali lake ndilo litakalotuongoza. Mama, hujambo?

MAMA: Sijambo, Mwalimu. Shikamoo.

MWALIMU: Marahaba, Mama. Waeleze wenzetu jambo lililokuleta.

MAMA: Mwalimu, mimi nauza samaki wa kukaanga. Tena nacheza upatu na wenzangu, na zamu yangu ya kupokea imefika: shilingi 200,000. Sasa kuna kijana wangu, mtoto wa dada yangu. Amenionyesha katika simu maandishi ya mtu mmoja. Mtu huyo asema amepata dola 40 kwa mwezi mmoja kwa kuandika tu, na kwamba kila mgeni aweza kupata vivyo hivyo. Kijana wangu ataka nimpe zile fedha za upatu anunue kitu kinachoitwa nguvu, ili naye apate kama yule. Mimi sasa najua kusoma. Nimeyasoma maneno yote mpaka mwisho. Lakini sikujua niyaamini au nisiyaamini.

MWALIMU: Umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa. Kuuliza si ujinga. Kuyasoma maneno ni hatua ya kwanza. Kuyapima ni hatua ya pili, na leo ndiyo tutakayojifunza. Hebu twende polepole.

DAFTARI LA NAMNA GANI?

MWALIMU: Mnaujua ushirika wa wakulima. Mkulima aleta mazao, karani apima, kisha aandika katika daftari: jina, uzito, tarehe, fedha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari la karani mmoja lina hatari yake. Karani akiwa si mwaminifu, aweza kuchana ukurasa. Nyumba ikiungua, daftari laungua nalo.

Sasa fikirini daftari ambalo nakala zake zimo katika nyumba nyingi, katika nchi nyingi. Kila ukurasa mpya ukiandikwa, waandikwa katika nakala zote. Tena kila ukurasa una alama inayotokana na maneno ya ukurasa uliotangulia. Mtu akibadili neno moja katika ukurasa wa zamani, alama za kurasa zote zinazofuata hazitapatana tena, na wenye nakala nyingine watamtambua mara moja. Kurasa zimefungana kama pete za mnyororo. Daftari la namna hii, linalowekwa na kompyuta, huitwa blokuchaini.

MAMA: Na nani karani wake?

MWALIMU: Swali zuri. Tuchukue mfano wa daftari moja la kweli liitwalo Steem. Lilianza mwezi wa Machi, 2016, nao walioliasisi ni Dan Larimer na Ned Scott, watu wa Marekani. Mlango uliotumiwa na watu wengi kuingia katika daftari hilo uliitwa Steemit. Makarani wa Steem huitwa mashahidi, nao huchaguliwa kwa kura. Katika kila mzunguko wako 21. Hao 20 ni wale waliopata kura nyingi kuliko wote, na mmoja hutoka kwa zamu miongoni mwa walio nyuma yao. Ukurasa mpya huandikwa kila baada ya nukta 3, yaani sekunde 3.

Tufanye hesabu pamoja. Dakika moja ina sekunde 60. Gawanya kwa 3: kurasa 20 kwa dakika. Zidisha kwa 60: kurasa 1,200 kwa saa. Zidisha kwa 24: kurasa 28,800 kwa siku moja. Hakuna karani wa mkono awezaye kazi hiyo.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 palitokea ugomvi. Mfanyabiashara Justin Sun alinunua kampuni ya Steemit, na watu wengi katika jumuiya wakaogopa kwamba daftari lote litashikwa na mkono mmoja. Tarehe 20 Machi, 2020, wengi wao walichukua nakala ya daftari wakaendelea nayo kwa jina jipya, Hive. Basi tangu siku ile kuna madaftari mawili. Lakini angalieni jambo hili: mtu aliyeandika maneno yake mwaka 2017 maneno hayo yamo katika Steem, na yamo pia katika Hive. Watu waligombana, wakagawanyika, na maneno yake yakabaki katika pande zote mbili.

MAMA: Basi aliyeandika jambo la kumwaibisha naye limebaki?

MWALIMU: Limebaki, Mama. Mwandishi aweza kusahihisha, na wasomaji wa kawaida wataona yale maneno mapya. Lakini yale ya kwanza yamo katika kurasa za zamani, na mwenye kujua kutafuta atayaona. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya leo ni hii: pima neno kabla hujaliandika. Usiandike namba ya kitambulisho chako, wala mahali unapolala, wala usitie picha ya mtoto wa mtu mwingine.

UJIRA HUTOKA WAPI?

MAMA: Mwalimu, sasa niambie habari za zile dola 40.

MWALIMU: Naam. Katika Steem na katika Hive, msomaji akipenda maandishi hupiga kura. Lakini kura hazilingani. Mwenye nguvu nyingi kura yake ni nzito. Mwenye nguvu kidogo kura yake ni nyepesi. Nguvu ni sarafu za daftari hilo ambazo mtu amezifunga katika akaunti yake, asiweze kuzitumia upesi. Kila siku daftari hutoa sarafu mpya, na kura ndizo zinazoamua ziwaendee waandishi gani. Kura moja kamili hupunguza sehemu 2 katika 100 za uwezo wa mtu wa kupiga kura, na uwezo huo hurudi sehemu 20 katika 100 kila siku. Kwa hiyo mtu aweza kupiga kura kamili zipatazo 10 kwa siku bila ya kuchoka.

Hesabu hufungwa baada ya siku 7. Sasa sikilizeni sana, maana hapa ndipo wageni wengi hupotea. Chini ya maandishi huonyeshwa thamani, tuseme dola 4. Mgeni hudhani mwandishi amepata dola 4. Hasha! Tangu mwaka 2019, nusu ni ya mwandishi, na nusu ni ya wale waliompigia kura. Zimebaki dola 2. Tena kwa desturi, isipokuwa mwandishi amechagua vingine, nusu ya fungu lake hulipwa kama nguvu, yaani hufungwa. Basi thamani anayoweza kuitumia mapema ni kama dola 1.

MAMA: Kwa hiyo yule wa dola 40...

MWALIMU: Fanya hesabu wewe mwenyewe, Mama.

MAMA: Arobaini, nusu yake ishirini. Nusu ya ishirini ni kumi. Kumbe arobaini ni kumi!

MWALIMU: Ni kumi za kutumia mapema, na kumi nyingine zilizofungwa. Katika Hive, mtu akitaka kuzifungua zile zilizofungwa, hutoka kwa mafungu 13, fungu moja kila juma. Hiyo ni kama miezi mitatu. Na katika miezi mitatu bei ya sarafu yaweza kupanda, na yaweza kuanguka. Mwezi wa Januari, 2018, bei ya sarafu moja ya Steem ilipita dola 7. Mwisho wa mwaka ule ule ilikuwa chini ya nusu dola. Mwezi wa Novemba mwaka huo kampuni ya Steemit iliwaachisha kazi zaidi ya nusu ya watumishi wake. Fikirini mgeni aliyesoma habari za mapato ya Januari, akauza mbuzi wake akanunua nguvu. Yaliyoandikwa Januari yalikuwa kweli. Lakini kufika Desemba mbuzi amekwenda.

KUPIMA MANENO YA MWANDISHI

MAMA: Basi mtu yule amenidanganya.

MWALIMU: Usimhukumu bado. Uzuri wa daftari la wazi ni kwamba huna haja ya kumwamini mtu kwa kinywa chake. Waweza kufungua jina lake ukasoma: alianza lini, ameandika mara ngapi, amepata nini, amenunua nguvu kiasi gani, na nani humpigia kura. Jana jioni nilikaa na kijana wako tukafanya hivyo. Waambie wenzetu mliyoyaona.

MAMA: Tuliona kwamba yule mtu hakuanza mwezi ule. Alikuwa ameandika kwa miaka mitatu. Tuliona kwamba mwezi ule ndio uliokuwa bora kuliko yote. Mwezi uliotangulia thamani iliyoonyeshwa haikufika hata dola 9. Tena alikuwa amenunua nguvu mara mbili, wala hakulitaja jambo hilo.

MWALIMU: Basi neno lake la dola 40 lilikuwa uongo?

MAMA: Halikuwa uongo. Zile 40 tuliziona kwa macho. Lakini alisema nusu ya habari.

MWALIMU: Hapo umenena. Na nusu ya habari yaweza kumtia mtu hasara kama uongo mzima. Mtu akikuelekeza njia ya kwenda kisimani, akakuficha kwamba katikati pana daraja lililovunjika, hakudanganya mahali kilipo kisima. Lakini wewe umeanguka mtoni.

Kwa hiyo kanuni ya pili: ukiwaandikia wageni habari za maendeleo yako, andika mapato na gharama, mwezi mwema na mwezi mbaya, uliyoyafanya na uliyoyakosea. Mgeni hatakufuata kwa maneno tu, ataweka na mali yake.

FUNGUO

MWALIMU: Tuje kwenye neno la nne ubaoni: ufunguo. Akaunti ya Steem au ya Hive haina funguo moja tu kama nyumba ya chumba kimoja, ina nne. Upo ufunguo wa kuandikia na kupigia kura. Upo ufunguo wa fedha, wa kutoa na kununua. Upo ufunguo wa ujumbe wa siri. Na upo ufunguo mkuu wa mwenyewe, ambao huweza kubadili zote nyingine. Kila ufunguo ni mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Kwa kazi ya kila siku tumia ule wa kuandikia peke yake. Ukiibiwa huo, mwizi aweza kuandika upuuzi kwa jina lako, lakini hawezi kuchukua sarafu zako.

MAMA: Na nikiupoteza ule mkuu, niende ofisi gani?

MWALIMU: Hakuna ofisi, Mama. Katika benki, ukisahau namba yako ya siri waenda na kitambulisho. Hapa hakuna dirisha la kwenda. Kama mwizi ameuiba ufunguo mkuu akaubadili, kuna nafasi ya siku 30 za kudai akaunti irudi, kwa msaada wa mdhamini wa akaunti, nawe uwe na ule ufunguo wa zamani. Lakini kama umepoteza funguo zote, huna nakala po pote, basi mali imo ndani, waiona, wala huwezi kuigusa.

Kwa hiyo andika funguo zako katika karatasi, mara mbili, ukaziweke mahali pawili tofauti pakavu. Soma herufi moja moja ukilinganisha. Herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Hapa ndipo kisomo kinapolipa: aliyejua kunakili vizuri atapona. Na mtu ye yote akikuomba ufunguo wako ati akusaidie, hata akiwa na maneno matamu kama asali, usimpe. Msaidizi wa kweli hana haja nao.

KUANDIKA KWA AJILI YA MGENI

MWALIMU: Sasa mwandishi wetu anajua daftari, ujira na funguo. Amwandikieje mgeni?

Katika Steem, tangu mwaka 2020, palikuwa na jumuiya ya wageni iliyowapangia hatua za kupita moja baada ya moja. Hatua ya kwanza ilikuwa kujitambulisha: mgeni alipiga picha yake akiwa ameshika karatasi yenye jina la akaunti yake na tarehe, ili wengine wajue kwamba ni mtu kweli. Ya pili ilikuwa kueleza namna anavyolinda funguo zake. Ya tatu, kuonyesha kwamba anajua maana ya kutoiba maandishi ya wengine. Ya nne, kupanga maandishi yake yasomeke vizuri. Ya tano, kueleza vyombo vinavyotumika kusoma lile daftari. Hatua moja ikimalizika, waliotangulia waliisoma na kuikagua.

MAMA: Hiyo ni kama sisi darasani. Aliyejua herufi jana humwonyesha aliyekuja leo.

MWALIMU: Ndivyo hasa. Na mwenye kuonyesha vizuri si lazima awe mtu aliyefika mbali sana. Mara nyingi aliyepita juzi hueleza vizuri kuliko aliyepita zamani, kwa sababu bado anakumbuka mahali alipojikwaa. Kwa hiyo usingoje uwe tajiri ndipo uwaandikie wageni. Andika mambo matano haya. Kiongozi wa darasa, yaandike ubaoni:

1. Nilianza lini, na nilikuwa na nini mkononi.
2. Nimefanya nini, na mara ngapi.
3. Nimepata nini, baada ya kugawanya. Na nimetumia nini.
4. Nimekosea wapi, na nimejifunza nini.
5. Mgeni aweza kuhakikisha maneno yangu namna gani.

La tano lisisahauliwe. Mahali pengine mwandishi husema, nisadikini. Katika daftari la wazi mwandishi mwaminifu husema, jina langu hili hapa, someni wenyewe.

MFANO

MWALIMU: Sasa nitasoma mfano. Mwandishi wa mfano huu ni wa kubuni. Tuseme ni fundi wa baiskeli. Kila darasa lichague mtu mmoja mwenye sauti nzuri ausome tena baada ya kipindi.

"Ndugu mgeni, mimi ni fundi wa baiskeli. Nilianza kuandika hapa majuma 8 yaliyopita. Sikununua nguvu. Nilikuwa na simu na daftari la funguo zangu.

"Nimeandika mara 12. Nimeeleza namna ya kuziba tairi, kunyosha rimu na kupaka mnyororo mafuta. Mara 7 sikupata cho chote. Mara 5 nilipata. Thamani iliyoonyeshwa kwa jumla ilikuwa dola 6. Fungu langu lilikuwa dola 3. Katika hizo, nusu imefungwa kama nguvu. Bando la intaneti lilinigharimu zaidi ya nilichoweza kutumia. Kwa hiyo mpaka leo, kwa upande wa fedha, nimepata hasara.

"Nimekosea mara mbili. Kosa la kwanza: nilichukua picha ya mtu mwingine nikaitia katika maandishi yangu bila ruhusa wala kumtaja. Mtu mmoja alinionya, na wengine wakanipigia kura ya kupinga. Nilimwomba radhi mwenye picha. Tangu siku ile napiga picha zangu mwenyewe. Kosa la pili: nilifungua akaunti ya kwanza nikanakili ufunguo vibaya. Sikuweza kuingia tena. Hii ni akaunti yangu ya pili.

"Faida yangu ni nini? Watu wawili wa mbali waliniuliza habari za rimu, nikawajibu, wakatengeneza baiskeli zao. Naandika vizuri kuliko nilipoanza. Nitaendelea majuma 8 mengine, kisha nitakuandikia tena, nikipata au nisipopata.

"Jina la akaunti yangu liko juu. Fungua mkoba wangu uone. Kama nimeandika vibaya hesabu, niambie."

MAMA: Huyu hana dola 40, lakini ningemwamini yeye.

MWALIMU: Kwa nini, Mama?

MAMA: Kwa sababu amesema hasara yake. Tena amesema alipoanguka. Kijana wangu akisoma haya, hatakosea kunakili funguo zake. Yule wa kwanza alinitia tamaa tu; sikujua hatua hata moja ya kufuata.

MWALIMU: Wasikilizaji, mmesikia. Maandishi ya kumwongoza mgeni hupimwa hivyo. Usiangalie yamekusifu au yamekupa furaha. Jiulize: baada ya kuyasoma, naijua hatua ya kwanza? Nalijua shimo lililo mbele? Naweza kuhakikisha?

Lakini nataka mjue pia uzito wa jambo hili kwa mwandishi. Kusema hasara si rahisi. Wasomaji hupenda habari za ushindi, na kura huifuata furaha. Aweza kuja mwandishi mwaminifu akapata kura chache kuliko mwenye kujisifu. Naye huyo mwenye kujisifu ana faida nyingine: wageni wakinunua sarafu kwa wingi, bei hupanda, na mali yake hupanda nayo. Kwa hiyo ukisoma maneno ya kukuita, jiulize kila mara: huyu aniitaye apata nini nikiingia? Aweza kuwa mtu mwema; lakini jiulize.

NENO LA MWISHO KWA MAMA

MAMA: Mwalimu, kabla hatujafunga, niseme nilivyoamua.

MWALIMU: Sema, Mama.

MAMA: Fedha za upatu sitatoa zinunue nguvu. Nina karai moja la kukaangia, limetoboka. Nitanunua karai jipya na mafuta ya mwezi mzima. Lakini kijana sikumkatalia kabisa. Nimemwambia, kama kuandika kwenyewe hakudai kununua nguvu kwanza, basi anza na kuandika. Nitakupa fedha ya bando ya mwezi mmoja. Andika habari za samaki: namna ya kumchagua, namna ya kumtia chumvi, namna ya kumkaanga asivunjike. Mambo hayo mimi nitakueleza, wewe utaandika. Mwisho wa mwezi uniletee hesabu, na mimi nitaisoma mwenyewe.

MWALIMU: Naye amesema nini?

MAMA: Alinuna kidogo. Kisha akauliza kama aandike pia kwamba Mama mkubwa amekataa kutoa fedha. Nikamwambia, andika. Ndiyo kweli yenyewe, na huenda ikamsaidia mgeni mwingine mwenye mama kama mimi.

MWALIMU: Vyema sana. Naongeza neno moja tu. Sheria juu ya sarafu za namna hii hazifanani katika nchi zote, nazo hubadilika. Kabla ya kununua au kuuza, ulizeni sheria ya nchi yenu ilivyo sasa. Kuandika na kusoma ni jambo moja. Kununua na kuuza ni jambo jingine.

MASWALI YA DARASANI

MWALIMU: Sasa zimeni redio baada ya maswali haya, mjadiliane kwa nusu saa. Kila mtu na aandike majibu katika daftari lake.

1. Kwa nini ni vigumu kubadili ukurasa wa zamani wa blokuchaini?
2. Maandishi yameonyesha thamani ya dola 10. Fungu la mwandishi ni kiasi gani? Kwa desturi, aweza kutumia mapema kiasi gani?
3. Taja funguo nne za akaunti. Ni upi wa kutumia kila siku?
4. Yule mtu wa dola 40 hakusema uongo. Kosa lake lilikuwa nini?
5. Andika mistari mitano ya maendeleo yako katika kisomo, kwa ajili ya mtu atakayejiunga na darasa juma lijalo. Fuata yale mambo matano ya ubaoni. Usiache kutaja ulipokosea.

Swali la tano ndilo kubwa kuliko yote. Huna haja ya simu wala kompyuta kulijibu. Karatasi yatosha, na mgeni wa kuisoma hatakosekana. Mtu huyo atakuja mlangoni kwa aibu, kama mlivyokuja ninyi. Mkimwambia kwamba nanyi mlichanganya herufi b na d kwa majuma matatu, ataketi.

Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Katika daftari lisilofutika, ni fupi zaidi, kwa kuwa kila mtu aweza kuipima. Basi andikeni njia ndefu, yenye mawe yake na daraja zake, ili anayewafuata afike.